Konokono wa Tanganyika: gamba lilidanganya wataalamu

Ndugu wasomi wa Fizi na Baraka, historia ya leo inaanzia kwetu.

Mwezi wa 4 mwaka 1858, Burton na Speke walitoka Ujiji kwa mitumbwi, wakapitia Ubwari kuelekea Uvira. Magamba ya konokono ambayo Speke aliokota ziwani yalifika London, na mwaka 1859 Woodward akayaandikia maelezo. Watu wakashangaa: mbona yanafanana na ya baharini?

J.E.S. Moore akaja mwaka 1896, akarudi 1899. Kitabu chake cha 1903 kilidai kwamba ziwa letu zamani lilikuwa sehemu ya bahari. Hapo alikosea. Ziwa lilizaliwa ardhi ilipopasuka, na konokono hao walibadilika humuhumu, kwenye maji baridi. Hata ule ugumu wa magamba unaelezwa na kaa wa ziwa, ambao huyavunja ili wale.

Kumbe undugu wenyewe uko ndani ya mwili. Tritonia ni konokono wa bahari asiye na gamba. Anatembea kwa silia, yaani vinywele vidogo sana vinavyopiga chini ya mguu wake, kama makasia ya mtumbwi. Nani anayapa amri? Mwaka 1961 Gosselin alionyesha kwamba serotonini inaongeza kasi ya silia za kome. Mwaka 1979 watafiti wa Marekani wakaonyesha kwamba kwa Tritonia pia, seli za neva zinatumia serotonini kuamsha silia za mguu. Dopamini nayo, kwa kome, inazipunguza mwendo.

Na maji baridi je? Helisoma, konokono wa Amerika, akiwa bado ndani ya yai huzungushwa na silia zake. Oksijeni ikipungua, neva zinatoa serotonini, anazunguka kwa kasi zaidi, na majimaji ya ndani ya yai yanakorogeka. Huyo ni wa familia moja na Biomphalaria, yule anayebeba bilharzia inayowapata watoto wetu wanaooga ziwani.

Kwa hiyo undugu na bahari upo kweli, ila ni wa zamani kuliko ziwa lenyewe: mababu wa konokono wote waliishi baharini. Serotonini hiyohiyo iko pia kwenye ubongo na utumbo wako wewe unayesoma.

Speke alibeba magamba matupu. Sisi tuko na konokono wazima ufukweni, na kituo cha utafiti wa hidrobiolojia kiko hapo Uvira. Mwanabiolojia anayetafuta mada ya mémoire, unangoja nini?