Alama za Zamu

Miongoni mwa maneno ambayo mtarjumani huyakubali upesi akayajutia taratibu, imo istilahi moja ya wawindaji wa magharibi ya Marekani ambayo, ikihamishwa neno kwa neno, hutoka katika Kiswahili kuwa "alama za upendeleo". Msomaji akutanaye nayo hudhani, wala hana lawama kwa kudhani hivyo, kwamba habari ni ya watu wenye jamaa zao ofisini. Kwani upendeleo katika lugha yetu ni aibu ya hakimu na taksiri ya mzazi mwenye wana wengi, si haki impatayo mtu kwa sababu ya kungoja. Na muradi wa istilahi ile ni kungoja hasa.

Katika majimbo kama Colorado, Wyoming, Utah, Nevada na Arizona, mnyama wa porini si milki ya mwenye shamba alimosimama, bali ni dhamana iliyowekwa mikononi mwa serikali ya jimbo kwa ajili ya raia wote. Karne ya 19 ilipofikia ukingoni, wawindaji wa biashara walikuwa wamekwisha kuwafyeka baisani wa nyika zile hata wakabakia wachache mno, na elki nao walikuwa wametoweka katika sehemu nyingi walizozoea kulisha. Ndipo ikatungwa Sheria ya Lacey ya mwaka 1900, iliyokataza kusafirisha kutoka jimbo hadi jimbo mawindo yaliyopatikana kinyume cha sheria, na majimbo yenyewe yakazidi kuubana uwindaji kwa misimu, kwa idadi na kwa hati. Huyo elki, niseme kwa kupita, si kulungu, ijapokuwa wafasiri hupenda kumwita hivyo: kulungu wetu pembe alizoziota hufa nazo, ilhali elki dume, ambaye uzito wake aghalabu hupita kilo 300, huziangusha zake kila mwaka akaotesha nyingine. Mnyama asiye kwetu na aachiwe jina lake.

Leseni humpa mtu ruhusa ya kuwa mwindaji. Kibali ndicho kimpacho mnyama mmoja, wa jinsi iliyotajwa, kwa silaha iliyotajwa, katika siku zilizohesabiwa na ndani ya mipaka ya eneo moja, ambalo nitaliita kitalu kwa kuwa Tanzania neno hilo limekwisha zoeleka kwa maeneo ya uwindaji. Vitalu vyenye madume makubwa huombwa na watu wengi kuliko vibali vilivyomo, na hapo hapana budi kupiga kura. Na kura yenyewe ni neno lililohama makazi: leo fikira zetu hukimbilia sanduku la uchaguzi, lakini asili yake ya Kiarabu ni fungu litokalo kwa nasibu, kama lile lililomwangukia Nabii Yunus chomboni.

Kura tupu haina kumbukumbu. Aliyekosa miaka 15 mfululizo na aliyeomba jana husimama mbele yake sawasawa, na wako waonao kwamba usawa huo ndio insafu. Idaho na New Mexico wameshikamana nao mpaka leo. Majimbo mengine yaliona vingine, yakaamuru kwamba kukosa nako kuandikwe: mwombaji akikosa huongezewa alama moja katika daftari, na siku apatapo kibali alichokitaka kwanza, daftari lake hufutwa akaanza tena na sifuri. Mpaka hapo mambo ni mepesi. Mashaka huanza tuulizapo alama hiyo ina kazi gani siku ya kura, maana majibu ni mawili, na Kiingereza chenyewe kina majina mawili ambayo wasio waangalifu huyachanganya.

Jibu la kwanza ni la Colorado, ambayo kwa miaka mingi imekuwa ikigawa sehemu kubwa ya vibali vyake vya elki kwa kuanza na mwenye alama nyingi na kushuka chini mpaka vibali viishe. Hapa alama ni mahali pa mtu katika safu. Mwenye 12 humtangulia mwenye 11 bila shaka yoyote, na bahati haina neno ila kati ya walio sawa. Wyoming, tangu mwaka 2006, huwafanyia hivyo wageni wanaoomba elki, na mgeni huko ni hata Mmarekani wa jimbo la jirani. Lakini huwatengea wenye alama nyingi robo tatu tu ya fungu lao, na robo moja huachwa kwa nasibu ili asiye na alama naye apate la kutumaini.

Jibu la pili ni la Nevada. Huko alama haimsogezi mtu mbele, bali humzidishia vipande vyake ndani ya chungu, na hisabu yake ni ya ajabu kidogo: alama huzidishwa kwa nafsi yake, kisha hujazwa kimoja cha maombi ya mwaka ule. Asiye na alama ana kipande 1, mwenye alama 10 ana 101, mwenye 20 ana 401. Hata hivyo yule mwenye kipande kimoja aweza kuchomoka wa kwanza, na yule mwenye 401 akarudi nyumbani mikono mitupu, wala hapana aliyedhulumiwa. Utah na Arizona zimechanganya: Utah, katika vibali vyake vya vitalu adimu, nusu huwapa wenye alama nyingi na nusu huitia katika kura, na Arizona huwatengea wenye alama nyingi asilimia 20.

Basi tafsiri ikiwa moja kwa mambo haya mawili, mwindaji aisomaye hatajua kama ana mahali safuni au ana vipande chunguni. Kwa jibu la kwanza wengine wamependekeza "kipaumbele", neno safi linalosema lenyewe kwamba mtu amepewa umbele. Lakini halisemi kwa nini amepewa, na mkubwa wa serikali naye hupewa umbele bila kungoja. Mimi naona neno tunalo tangu zamani, nalo ni zamu, walilonalo mabaharia katika kupokezana usukani na wanawake kisimani katika kuteka maji. Hizo na ziitwe alama za zamu. Na zile za Nevada, alama za kura.

Liko jambo la tatu lidailo jina, nalo ndilo liwaumizalo wawindaji kuliko yote. Tuchukue kitalu cha kubuni chenye vibali 10 kwa mwaka. Mwaka wa kwanza waombe watu 100, na kila mwaka baadaye waingie wapya 20, wala aliyepata asirudi. Wale 100 watamalizika mwaka wa 10. Aliyeingia mwaka wa 2 ataanza kufikiwa mwaka wa 11, akiwa na alama 9. Lakini aliyeingia mwaka wa 12 hatafikiwa kabla ya mwaka wa 31, akiwa na alama 19. Kila mwaka mtu achelewapo kuingia humgharimu mwaka mwingine wa kungoja, na kizingiti hukwea mbele ya macho yake kila akikaribia. Colorado ya kaskazini-magharibi ina vitalu ambavyo elki dume hutaka alama zaidi ya 20, na katika jimbo hilo mtoto huruhusiwa kuwinda wanyama wakubwa akiwa na miaka 12. Hisabu ya baba aanzaye kumwombea mwanawe mwaka huohuo ni rahisi kuifahamu. Kukwea huko nakuita mfumuko wa alama, kwa mfano wa mfumuko wa bei, na mfano wenyewe haulegei: kila mwaka ofisi hutoa alama mpya kwa kila aliyekosa, kama serikali ichapayo noti, na elki mlimani ni walewale.

Nakiri kwamba neno zamu lina tundu moja. Sheria za Colorado na Wyoming humruhusu mtu kuomba alama peke yake pasipo kuomba kibali, akilipia. Yaani kukaa safuni mwaka baada ya mwaka bila ndoo mkononi, na kisimani kwetu mtu wa namna hiyo angeulizwa anangoja nini. Kwa ajili yake nilijaribu neno akiba. Lakini akiba, iwe ya nafaka au ya fedha, mwenyewe huijua itamnunulia nini. Na huyu hujaza alama zake 18 asijue kama mwakani zitatakiwa 19. Na wakiomba wawili pamoja, mwenye 18 na mwenye 2, Colorado huwahesabu wote wawili kuwa na 2, na Wyoming huwapa wastani wa 10, jambo ambalo hapana mweka akiba atakayelistahimili, bali watu wa zamu hulijua vema, kwani mwenye kumngoja mwenziwe aliye nyuma huhesabiwa kuwa yuko nyuma.