Ridhaa ya Binti, Ridhaa ya Baba: Sheria ya Jinai na Ndoa za Utotoni Kahama, 1971–2020

Kata ya Nyasubi imo katika mji wa Kahama, mkoani Shinyanga, ambako ufugaji wa Wasukuma na machimbo ya dhahabu ya Bulyanhulu na Buzwagi yamekuwa majirani. Kwa desturi, ng'ombe wa mahari hukabidhiwa baba wa binti, na kauli yake huhesabiwa kuwa kauli ya nyumba nzima. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2010 uliukuta mkoa huo ukiongoza nchini kwa ndoa za utotoni: kati ya kila wanawake 100 wenye umri wa miaka 20 hadi 24, 59 waliolewa kabla ya kutimiza miaka 18.

Sheria haikuwa kimya. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 iliirekebisha Kanuni ya Adhabu na kutamka kuwa ridhaa iliyopatikana kwa nguvu, vitisho au ulevi si ridhaa. Kwa msichana aliye chini ya miaka 18 ilikwenda mbali zaidi: akubali asikubali, mwanamume amebaka, na kwa mtu mzima kifungo hakipungui miaka 30. Hata hivyo, kifungu hichohicho cha 130 kiliacha upenyo, yaani pale msichana anapokuwa mke wa mtuhumiwa, ametimiza miaka 15 na hawajatengana.

Upenyo huo una asili ya kikoloni. Kanuni ya Adhabu ya India, iliyotumika Tanganyika kabla ya kanuni ya mwaka 1930, ilimlinda mume. Hata marekebisho ya 1891, yaliyofuata kifo cha mke-mtoto Phulmoni huko Calcutta, yalimfunga mume kwa mke wa chini ya miaka 12 tu. Lakini aliyeufanya upenyo huo upitike Kahama ni mtunga sheria wa Tanzania huru. Sheria ya Ndoa ya 1971, vifungu vya 13 na 17, iliruhusu msichana wa miaka 15 aolewe kwa ridhaa ya baba yake. Basi tendo moja, kwa msichana yuleyule, lilikuwa ubakaji au unyumba kwa kutegemea neno la mtu wa tatu.

Katika shauri la Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu ilitamka tarehe 8 Julai 2016 kuwa vifungu hivyo viwili ni kinyume cha Katiba, ikaipa Serikali mwaka mmoja kuvirekebisha. Mahakama ya Rufani iliafiki tarehe 23 Oktoba 2019. Mwaka uleule wa 2016, marekebisho ya Sheria ya Elimu yaliweka kifungo cha miaka 30 kwa anayemwoa mwanafunzi. Binti aliyekwisha kuacha shule, ambaye ndiye aliye karibu zaidi na posa, hakuguswa. Shauri la Gyumi nalo halikukihoji kifungu cha 130. Mwaka mmoja baada ya hukumu ya rufani, umri wa miaka 15 ulikuwa ungali katika sheria zote mbili.