Naitrojeni ya Mto, Naitrojeni ya Lori

Wazee wa Bonde la Kilombero hawakununua mbolea, waliingojea. Masika yalipokolea, mito inayoshuka kutoka Udzungwa na milima ya Mahenge ilijaza mbuga, maji yakatuama, kisha yakapungua na kuacha tope. Tope hilo ndilo lililolisha mpunga wa Wandamba na Wambunga kizazi baada ya kizazi. Lilibeba majani yaliyooza, na katika maji yenyewe waliishi vijiumbe wa kijani wenye uwezo ambao mpunga hauna: kuichukua naitrojeni ya hewani na kuigeuza chakula cha mimea.

Si uwezo mdogo. Hewa tunayovuta ni naitrojeni kwa asilimia 78, lakini mpunga unaosimama katikati yake unaweza kugeuka manjano kwa kuikosa. Atomi zake zimeshikana mbili mbili kwa nguvu ambayo hakuna mzizi unaoweza kuivunja. Ndiyo maana kwa muda mrefu binadamu alitegemea naitrojeni iliyokwisha kufunguliwa na radi au vijiumbe, au iliyokuwamo ndani ya samadi.

Watu wa pwani waliijua kwa sura nyingine, chumvi ya naitreti, wakaiita shura. Daniel Rutherford alipoitenga gesi ya naitrojeni huko Edinburgh mwaka 1772, shura ilikuwa imechanganywa na mkaa na kiberiti kwa karne nyingi ili kupata baruti. Katika karne ya 19 baruti ilipanda na misafara kutoka pwani kwenda bara, na wakati huohuo wakulima wa Ulaya walianza kumwaga mashambani chumvi ya naitreti iliyochimbwa katika jangwa la Atacama. Kitu kimoja, matumizi mawili. Utajiri wake ulikuwa miongoni mwa sababu za Chile kupigana na Peru na Bolivia kuanzia mwaka 1879.

Ujerumani ilikuwa mnunuzi mkubwa wa naitreti hiyo, na hapa bonde letu linaingia katika habari hii kwa uchungu. Tarehe 30 Agosti 1905, wapiganaji wa vita vya Majimaji dhidi ya utawala wa Kijerumani walilivamia boma la Wajerumani la Mahenge, kwenye milima inayolitazama bonde. Walikuwa wameaminishwa kwamba risasi zitageuka maji. Bunduki za rashasha ziliwaangusha kwa wingi. Baruti yoyote ya wakati ule, iwe ya moshi au isiyo na moshi, haikutengenezwa bila naitreti. Wakulima ambao naitrojeni yao ililetwa bure na mto waliuawa kwa naitrojeni iliyonunuliwa ng'ambo.

Miaka minne baadaye, Fritz Haber aliweza kuiunganisha naitrojeni ya hewani na haidrojeni ikawa amonia, na mwaka 1913 Carl Bosch alikuwa na kiwanda kizima cha kazi hiyo huko Oppau. Vita Kuu vya Kwanza vya Dunia vilipozuka, amonia ikageuzwa baruti. Mbolea ilipata nafasi yake kamili baadaye.

Kwetu iliitwa mbolea ya chumvichumvi. Mwaka 1972 nchi ikapata kiwanda chake cha mbolea Tanga. Kiwanda kile kilitegemea malighafi kutoka nje, amonia ikiwamo. Kilikuwa chetu, lakini naitrojeni yake ilikuwa ya kusafirishwa. Kilisimama mwanzoni mwa miaka ya 1990, kipindi ambacho serikali pia iliondoa ruzuku ya mbolea.

Kwenye majaruba, mabadiliko yalikuja kwa mbegu. Supa, mpunga wa kunukia tunaoupenda, una bua refu; ukiukuza kwa mbolea ya urea nyingi unalala kabla ya kuvunwa. SARO 5 ni mfupi, unastahimili mbolea na kuilipa kwa masuke. Mfuko wa kilo 50 wa urea una kilo 23 za naitrojeni, na sehemu kubwa hupotea ikimwagwa juu ya maji: nyingine hupaa, nyingine husombwa na mafuriko yaleyale yaliyokuwa yakiileta. Kwa mkulima mdogo hiyo ni hasara inayouma. Vita vya Ukraine vilipopandisha bei, ruzuku ilirudi. Rais Samia aliizindua Mbeya, Nane Nane ya 2022.

Kuna jambo jingine lisilosemwa sana. Huko Mwea, Kenya, watafiti walichapisha mwaka 2004 kwamba majaruba yaliyotiwa salfeti ya amonia yalipata viluwiluwi wengi zaidi wa mbu wa malaria. Mbolea ilipunguza utope wa maji, jambo linaloelekea kuwavutia mbu kutaga. Kwa mji wa Ifakara, ulio bondeni, hilo si habari ya mbali. Hapa Mswisi Rudolf Geigy alianzisha maabara ya utafiti mwaka 1957, na hapo ndipo ilipoanzia Taasisi ya Afya Ifakara.

Na taasisi hiyo imeipa naitrojeni kazi ambayo wazee wa bondeni wasingeiota. Katika tawi lake la Bagamoyo, chanjo ya malaria ya vimelea vizima ilianza kujaribiwa kwa vijana wa Kitanzania mwaka 2014. Vimelea vilitunzwa ndani ya mvuke wa naitrojeni ya kimiminika, ambayo huchemka kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri, vikiwa hai lakini vimelala. Kichupa kilitolewa, kikayeyushwa, na dozi ikaingia mshipani.