Kuzuia Nako ni Kwenda Mbele

Ndugu msomaji, sisi vijana tumezoea kumsifu anayeshambulia. Kwenye drafti tunamshangilia anayekula kete tatu kwa mkupuo. Kwenye bao tunamshangilia anayesomba nyumba ya mwenzake. Kwenye mpira mfungaji ndiye anayebebwa mabegani, beki anarudi kwao kwa miguu. Na ukicheza kwa kujilinda kijiweni, utasikia tu: "Huyo mwoga bwana, muda wote anaziba!" Hata katika historia ni hivyo hivyo. Vita ya Maji Maji ya 1905 hadi 1907 tunaifahamu, na ni haki tuifahamu. Lakini wale walioshinda kwa kwenda kukaa chini, hao hatuwataji sana. Insha hii ni ya hao. Nitaanza mbali kidogo, Denmark, halafu tutarudi hapa kwetu Same. Vumilia.

Aprili 1940 majeshi ya Hitler yaliivamia Denmark, yakaikalia hadi Mei 1945. Katika nchi hiyo alikuwepo mshairi mmoja, Piet Hein, mtu wa mashairi na wa hesabu pia. Wakati wa uvamizi alikuwa akichapisha gazetini vishairi vifupi vifupi, vilivyosema jambo moja huku vikikonyeza jingine. Mwaka 1942 mshairi huyo huyo akabuni mchezo, na tarehe 26 Desemba ukatoka katika gazeti la Politiken kwa jina la Polygon. Miaka sita hivi baadaye, kijana wa Kimarekani, John Nash, akaubuni tena kivyake katika Chuo Kikuu cha Princeton. Ndiye huyo Nash aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1994. Mwaka 1952 kampuni ya Parker Brothers ikaanza kuuuza kwa jina la Hex, na jina hilo ndilo lililobaki.

Mchezo wenyewe ni rahisi kuueleza. Ubao una vyumba 121 vya pembe sita, 11 kwa 11, vimepangwa kama sega la nyuki. Pande mbili zinazotazamana ni zako, mbili zilizobaki ni za mwenzako. Kwa zamu, kila mmoja anaweka kete moja kwenye chumba kitupu. Kete ikishakaa haisogei, hailiwi, haiondolewi. Anayeunganisha pande zake mbili kwa mnyororo usiokatika ndiye mshindi. Huna hela ya kununua? Kipande cha boksi, kalamu, na vizibo vya soda vya rangi mbili vinatosha, kama tunavyofanya kwenye drafti.

Sasa sikiliza ajabu yake: hakuna sare. Ubao ukijaa wote, lazima mmoja awe ameunganisha, na ni mmoja tu. Maana yake ni nini? Ni kwamba hakuna namna ya kumziba mwenzako kabisa isipokuwa wewe mwenyewe kufika ng'ambo. Ukuta wako ndio njia yako. Anayezuia na anayekwenda mbele ni mtu yule yule.

Anayejifunza Hex huponzwa mahali pamoja. Adui akiweka kete, naye anaweka yake pua kwa pua. Adui anapinda kushoto, anamfuata. Anapinda kulia, anamfuata. Baada ya hatua kumi adui kafika ukingoni, na huyu jamaa hana ukuta, ana msururu wa kete zilizochelewa. Mlinzi mzoefu hurudi nyuma. Anaziba vyumba viwili vitatu mbele ya adui, mahali ambapo akipinda huku au kule atamkuta.

Mtu wa Gonja hahitaji Mdenmark amfundishe hili. Katika milima ya Upare maji ya mifongo hukusanywa kwenye ndiva, bwawa dogo la kujengwa kwa mikono, kisha hufunguliwa yashuke mashambani kwa zamu. Ukitaka kuyazuia maji yale, hukimbizani nayo shambani na jembe, mkondo kwa mkondo. Utachoka bure. Unapanda juu, unaziba mdomo wa ndiva.

Silaha ya pili inaitwa daraja. Kete zako mbili hazigusani, lakini kati yao kuna vyumba viwili vitupu, na kila kimoja kinazigusa zote mbili. Hizo zimekwisha kuungana. Adui akiingia chumba kimoja, wewe unachukua cha pili. Usikijaze mapema, ni kupoteza zamu. Jibu lipo tayari, linangoja swali.

Ya tatu ni kuona mbali. Adui anapokaribia ukingo wake na wewe umemziba kwa chini, mnaanza kwenda sambamba, yeye hatua, wewe hatua, kama watu wanaopanda ngazi. Mbio hizo huamuliwa na kete iliyowekwa zamani kule mbele. Ikiwa yake, kapita. Ikiwa yako, kaishia hapo.

Haya, twende Same. Katika miaka ile ile ya vita, serikali ya Mwingereza pamoja na baraza la watawala wa jadi wa Upare walileta kodi mpya juu ya kodi ya kawaida. Waliiita mbiru, jina la ushuru wa zamani. Kila mtu alikadiriwa mali yake, kisha akapangiwa cha kulipa. Watu waliona ni kupekuliwa na kuonewa. Kodi ya kawaida, iliyo sawa kwa wote, walikuwa tayari kuilipa. Kukadiriwa, hapana.

Wangefanya nini? Wangeweza kumzuia mkadiriaji pua kwa pua, leo Mamba, kesho Mbaga, keshokutwa Usangi. Serikali ingepinda tu, ikawamaliza kijiji kwa kijiji. Badala yake, Januari 1945, maelfu ya wanaume waliteremka kutoka milimani wakaenda Same, makao makuu ya wilaya. Hawakubeba vita. Walikwenda wakakaa, na madai yao mkononi. Paulo Mashambo alikuwa miongoni mwa viongozi wao. Tazama ramani utaelewa. Same iko tambarare, kwenye reli ya Tanga na Moshi, mahali zinapokutana njia za Upare wa Kusini na wa Kaskazini. Hata leo anayetoka Gonja kupitia Kisiwani, milima ikiwa kushoto kwake, anatokea pale pale. Wazee wale walipanda juu, wakaziba mdomo wa ndiva.

Na ukuta wao ukawa njia yao. Watu wa watawala mbalimbali, waliokuwa kila mmoja na mlima wake, wakajikuta wamekaa pamoja kwa jambo moja. Kuzuia kuliwaunganisha.

Mwaka 1946 wanawake nao wakaingia. Huko Usangi mamia yao walimkabili mkuu wa wilaya wakitaka jambo liishe. Kama haliishi, walimwambia, basi kwa kuwa waume zao wako Same, awape yeye mimba. Cheka, lakini fikiri pia. Serikali ilidhani inapambana na wanaume waliokaa uwanjani, kumbe kule milimani kulikuwa na kete nyingine inangoja. Mwaka 1947 mbiru ikaondolewa. Profesa Isaria Kimambo aliiandikia kijitabu mwaka 1971. Anayetaka kuijua kwa kina akitafute.

Sisemi kwamba Wapare walijifunza kwa Hein, wala kwamba maisha ni Hex. Kizibo cha soda hakioni njaa. Wanaume walipokaa Same, mzigo wa shamba na nyumba ulibaki kwa wanawake, ndiyo maana sauti yao ilikuwa kali vile. Tena mchezo una mwisho, mmoja anashinda mnakunja boksi. Mbiru ilikwisha, Mwingereza hakuondoka. Alikaa hadi 1961. Kuzuia jambo moja hakukufungi mlango wa yote.

Lakini hesabu inabaki pale pale. Mwaka 1942 mshairi katika nchi iliyokaliwa alibuni mchezo ambao ndani yake kuziba na kufika ni kitu kimoja. Miaka mitatu baadaye, bila ubao wala kete, watu wa milima hii walikifanya kitu hicho kwa miili yao.

Basi wewe unayeandika hadithi usiku kwa kibatari, ukitafuta shujaa, usimtazame tu anayekimbia na mkuki. Mtazame na yule aliyeteremka mlima, akachagua mahali, akakaa. Muulize kwa nini alikaa pale, na si pengine. Hapo ndipo hadithi yake ilipo.