Wake Wengi Chini ya Sheria Moja

Katika Tanganyika ya wakoloni, mtu aliyetaka kuoa aliulizwa kwanza dini yake na kabila lake, maana sheria ya ndoa haikuwa moja. Mkristo aliyeoa kanisani alifungwa na sheria ya Serikali ya Kiingereza, ambayo haikukubali zaidi ya mke mmoja. Mwislamu alifuata sheria ya dini yake, iliyomruhusu wake hadi wanne. Wahindu nao walikuwa na sheria yao. Waliobaki, nao walikuwa wengi sana, walioa kwa mila za kabila, ambazo hazikuweka hesabu ya wake ila kwa kadiri ya uwezo wa mume kutoa mahari.

Mgongano haukukosa kutokea. Mume aliyefunga ndoa kanisani akaja kumtolea mahari mwanamke mwingine kwa mila alikuwa mkosaji mbele ya mahakama ya Serikali, hali wazee waliopokea ng'ombe walimhesabu kuwa mume halali. Naye yule mwanamke wa pili? Kwao alikuwa mke; mahakamani hakuwa kitu. Aliyepotelewa zaidi katika mgongano huo wa sheria ndiye ambaye hakushauriwa katika kuzitunga.

Baada ya Uhuru hali hiyo haikuweza kuachwa. Mwaka 1963 mila za makabila yanayofuata ukoo wa baba zilikusanywa na kutangazwa kuwa sheria moja. Mwaka 1969 Serikali ilitoa mapendekezo yake juu ya Sheria ya Ndoa, na wananchi wakapewa nafasi ya kuyajadili. Inafaa tukumbuke pia kwamba mengi katika mapendekezo hayo yalitokana na kazi ya tume iliyoundwa nchini Kenya mwaka 1967. Kenya yenyewe haikuyapokea: Bunge lake liliikataa miswada ya ndoa katika miaka ya 1970, na sheria ya namna hiyo haikupatikana huko hadi mwaka 2014.

Mjadala ulikuwa mkali. Wakristo wengi waliona kuwa kuitambua ndoa ya wake wengi ni kuipa heshima isiyoistahili. Waislamu wengi nao waliuliza Bunge lina mamlaka gani ya kuyagusa yaliyokwisha kuamuliwa na Mwenyezi Mungu. Umoja wa Wanawake wa Tanzania uliunga mkono kutungwa kwa sheria. Swali la wingi wa wake liliulizwa sana kama swali la dini na mila. Lilipoulizwa kama swali la chakula, nguo na mahali pa kulala, sauti za akina mama ndizo zilizosikika.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, iliyoanza kutumika Tanzania Bara tarehe 1 Mei mwaka huo, haikuchagua upande. Iliziweka ndoa katika mafungu mawili: ya mke mmoja, na ya wake wengi au inayoweza kuwa ya wake wengi. Ndoa ya Kiislamu na ya kimila hudhaniwa kuwa za fungu la pili hadi ithibitishwe vingine. Nyinginezo zote hudhaniwa kuwa za fungu la kwanza hadi ithibitishwe vingine. Mume na mke waweza kuihamisha ndoa yao kutoka fungu moja hadi jingine, lakini kwa hiari ya wote wawili, na kwa tamko mbele ya hakimu au jaji. Wakristo waliofunga ndoa kanisani hawawezi kuifanya yao kuwa ya wake wengi maadamu wote wawili wangali Wakristo. Mwanamke hakupewa ruhusa ya kuwa na waume wawili, wala jambo hilo halikujadiliwa kwa uzito.

Kwa maoni yetu, jambo kubwa zaidi katika sheria hiyo ni haki ya mke kupinga. Kusudio la kuoa hutakiwa litolewe siku 21 kabla ya ndoa. Mke aliyepo aweza kuweka pingamizi kwamba, kwa kuangalia mali ya mume, ndoa mpya itamletea dhiki yeye na watoto wake. Au kwamba mwanamke anayekuja ana tabia mbaya inayojulikana, ana maradhi ya kuambukiza, au ataleta ugomvi mkubwa nyumbani. Tena wake wote wa mume mmoja wana haki sawa mbele ya sheria. Mke mkubwa na mke mdogo ni maneno ya nyumbani, mahakama haiyajui.

Lakini sheria hiyo hiyo yasema kwamba ndoa iliyotimiza masharti mengine ni halali hata kama taarifa haikutolewa, hata kama pingamizi liliwekwa na halijaamuliwa, hata kama ndoa haikuandikishwa. Basi mume aliyeoa kimya kimya kijiji cha pili amekwisha kuoa, na haki ya mkewe ya kupinga imepita bila yeye kujua. Watungaji walikuwa na sababu: kama ndoa isiyo na taarifa ingebatilishwa, adhabu ingemwangukia bibi harusi na watoto wake kuliko bwana harusi. Hata hivyo haki isiyo na habari ni haki ya kitabuni. Kenya ilikumbana na swali hilo hilo mwaka 2014, pale wabunge wanawake walipotoka nje ya Bunge kwa hasira baada ya wenzao wanaume kuondoa kifungu kilichodai mke ajulishwe.

Iko pia ndoa ambayo sheria haikuipa fungu lolote. Miongoni mwa Wakurya wa Mara, mwanamke mtu mzima asiyejaliwa mtoto wa kiume aweza kutoa ng'ombe na kumwoa msichana, amzalie watoto watakaoirithi nyumba yake. Nyumba hiyo huitwa nyumba ntobhu. Shabaha yake ni mrithi, wala si mapenzi ya wanawake wawili. Lakini sheria imeeleza ndoa kuwa muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke, basi nyumba ntobhu imebaki nje. Mwanamume na mwanamke walioishi pamoja miaka miwili na kujulikana kuwa ni mume na mke hudhaniwa kuwa wameoana, hata bila mahari wala sherehe. Katika nyumba ntobhu ng'ombe wametolewa, wazee wameshuhudia na watoto wamezaliwa. Ugomvi ukitokea, yule msichana akifika mahakamani hana ndoa ya kudai talaka wala ya kudai matunzo.