Bawabu na askari: Jina linapoficha kazi

Juma hili naangazia neno 'bawabu'. Asili yake ni Kiarabu: 'bab' ni mlango, na 'bawwab' ni mtunza mlango. Jijini Cairo, kazi hiyo ilihusishwa sana na Wanubi wa kusini mwa Misri. Bwawa la Aswan lilipokamilika 1902, kisha likainuliwa 1912 na 1933, maji yalimeza mashamba yao. Wanaume wengi walihamia mjini. Baadhi wakawa mabawabu wa majumba ya kupangisha: kupokea wageni, kubeba mizigo, kujua nani kaingia na nani katoka.

Kwetu Kenya mambo yalikwenda kivingine. 'Askari', neno la Kiarabu vilevile, lilimtaja mwanajeshi, hasa wa King's African Rifles, jeshi lililoundwa mwaka uo huo wa 1902. Leo mtu wa langoni tunamwita askari au soja. Lakini hebu mtazame: anafungua geti, anapokea vifurushi, anajua mtoto wa nani hajarudi. Huo ni utumishi, si vita, na mwenye nyumba hauhesabu anapopanga mshahara. Ndiposa nashikilia kwamba 'bawabu' ndilo jina lake stahiki.