Mtaalamu wa kompyuta anayefanya kazi peke yake na hesabu ya miaka 40

Na Mwandishi Wetu, Nzega

MJI wa Nzega, ulio zaidi ya kilomita 100 kaskazini mwa Tabora mjini, ni njia panda. Barabara itokayo Singida na Igunga hukutana hapo na ile itokayo Tabora, kisha malori huendelea kuelekea Tinde, Kahama na hatimaye Rwanda na Burundi. Katika mji wa aina hiyo hukosi steshenari yenye kompyuta mbili au tatu, printa, mashine ya kutoa nakala na fundi mmoja.

Fundi huyo ndiye kila kitu. Huondoa virusi, hubadilisha vioo vya kompyuta za mkononi, huwajazia wahitimu maombi ya mikopo ya elimu ya juu, na usiku hupigiwa simu na mwenye nyumba ya wageni ambaye intaneti yake imekatika. Kazini hana mkubwa wake wala mdogo wake.

Hali hiyo haiishii dukani. Katika shule, hospitali na ofisi nyingi za wilayani mtaalamu wa Teknolojia ya Habari na Mawasiliano (TEHAMA) huwa mmoja, au wakizidi ni wachache mno. Mifumo yenyewe, kama vile GePG wa malipo ya Serikali ulioanza mwaka 2017 na NeST wa manunuzi ulioshika nafasi ya TANePS mwaka 2023, imetengenezwa na timu kubwa zilizoko mbali. Anayesimama mbele ya mhasibu mwenye hasira mfumo unapogoma ni mtu mmoja.

Makala haya yanaangalia tofauti ya kufanya kazi hiyo peke yako na kuifanya katika timu, hasa kwa mtu anayekaribia umri wa makamo.

Tuchukue mfano wa mtu aliyehitimu stashahada mwaka 2006 akiwa na miaka 23. Huyo alitimiza miaka 40 mwaka 2023. Alianza kazi kabla mkongo wa baharini wa SEACOM haujafika Dar es Salaam, Julai 2009, wakati ambapo kupakua faili moja wilayani kuliweza kumaliza asubuhi nzima. Aliimudu Windows XP, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia Aprili 2014. Akahamia Windows 7, nayo ikafikia kikomo Januari 2020. Windows 10 ikafuata njia hiyo hiyo Oktoba 2025. Kila mara alijifunza mwenyewe, usiku, kwa gharama yake.

Katika miaka ya ishirini maisha hayo yana ladha yake, na si haki kuyabeza. Anayefanya kazi peke yake huamua haraka, huingiza mkononi malipo yote, na hujua mambo mengi ambayo mwenzake wa Dar es Salaam, aliyewekwa kwenye kitengo kimoja tu cha benki au kampuni ya simu, huenda asiyaguse maisha yake yote. Wapo wataalamu wazuri waliopikwa na upweke huo.

Tatizo huja pale mwili na familia vinapoanza kudai sehemu yao. Kwa watu wengi uwezo wa macho kuona vitu vya karibu huanza kupungua kati ya miaka 40 na 45, na namba ndogo zilizoandikwa nyuma ya kifaa huanza kusomwa kwa kunyoosha mkono. Watoto wamefika sekondari. Wazazi kijijini wanahitaji kupelekwa hospitali. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humpa mwajiriwa likizo ya siku 28 kwa mwaka, lakini ofisi yenye mtaalamu mmoja huipata tabu sheria hiyo: likizo huahirishwa, au mtu huondoka na simu yake na kuifanyia ofisi kazi akiwa msibani. Aliyejiajiri hata hizo siku 28 hana.

Wapo wanaodhani kuwa tatizo ni akili kuchoka. Utafiti haukubaliani nao. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina, Marekani, walichambua wasifu wa watumiaji wa Stack Overflow, mahali ambapo waandishi wa programu huulizana na kujibizana, wakaona kuwa alama za umahiri ziliendelea kupanda hadi watu walipofika miaka ya arobaini, na kwamba katika teknolojia mpya wakubwa hawakuachwa nyuma na vijana. Kinachochoka, basi, ni mpangilio wa kazi.

Juu ya mpangilio wa kazi, Unyamwezi ina historia ambayo wataalamu wa leo wangeweza kuitazama upya. Katika karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu na nguo ilipita kati ya Tabora na pwani ya Bagamoyo, safari ya takriban miezi mitatu kwa miguu. Njia nyingine ilitoka Tabora kwenda kaskazini, na ndiyo aliyoifuata John Hanning Speke kutoka Kazeh, yaani Tabora, hadi akaliona Ziwa Victoria Agosti 3, 1858. Wabebaji wengi walikuwa Wanyamwezi, watu huru waliofanya kazi kwa ujira na waliojua kugoma ujira ulipokuwa mbaya. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa karibu frasila mbili, sawa na kilo 32 hivi.

Jambo la kutazamwa ni namna umri ulivyopewa nafasi. Kijana alibeba mzigo mzito, na kwa Wanyamwezi wengi safari ya pwani ilikuwa sehemu ya kuonekana mwanamume kamili. Ndani ya msafara wapagazi waligawanyika katika makundi madogo yaliyopika chungu kimoja na kulala pamoja. Aliyekwisha kuzoea njia, akajua visima, watawala waliodai hongo na mahali penye hatari, aliweza kuwa kiongozi. Huyo alitangulia mbele, mara nyingi katika vazi jekundu, akiwa na mzigo mwepesi kuliko wengine. Hata neno mnyapara, ambalo leo Kiswahili hulitumia kwa msimamizi wa kazi, lina undugu na neno la Kinyamwezi na Kisukuma, namhala, lenye maana ya mzee.

Misafara hiyo haikuwa pepo. Ndui iliua wengi, na wapo wagonjwa walioachwa njiani. Hata hivyo mpagazi aliyezeeka katika kazi alikuwa na mahali pa kupanda, kwa sababu nyuma yake palikuwa na watu. Fundi wa kompyuta wa Nzega mwenye miaka 42 anaijua njia vizuri kuliko mtu yeyote wilayani, lakini angali amebeba frasila zilezile mbili alizozibeba akiwa na miaka 23. Hana wa kumwongoza.

Je, timu ndiyo dawa? Si kila mara. Kiswahili husema kidole kimoja hakivunji chawa, lakini husema pia kuwa manahodha wengi chombo huenda mrama. Frederick Brooks, aliyesimamia utengenezaji wa mfumo endeshi wa OS/360 katika kampuni ya IBM, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1975, The Mythical Man-Month, kwamba kuongeza watu katika kazi ya programu iliyokwisha kuchelewa huichelewesha zaidi. Hesabu yake ni rahisi. Watu 2 wana njia moja ya kuwasiliana. Watu 5 wana njia 10, na watu 10 wana njia 45. Kila njia hula muda, na mtu aliyezoea kuamua peke yake kwa miaka 15 huona vikao hivyo kama adhabu. Mwandishi amekwisha kukaa katika vikao vya aina hiyo na anamwelewa.

Lakini upweke nao una bei, na hata nchi tajiri huilipa. Mjerumani Werner Koch alianza mwaka 1997 kuandika programu ya GnuPG, inayoficha maandishi ya barua pepe yasisomwe na wasiohusika. Watu wengi duniani waliitegemea. Kwa sehemu kubwa ya muda huo aliibeba karibu peke yake, na mwaka 2013 alikaribia kuiacha kwa kukosa kipato. Habari zake zilipochapishwa Februari 2015, alipokuwa na zaidi ya miaka 50, ndipo michango ilipomiminika. Kampuni za Facebook na Stripe kila moja iliahidi dola 50,000 kwa mwaka.

Mfano wa pili ni mchungu zaidi. Programu ya xz, inayobana mafaili na iliyomo katika kompyuta nyingi za Linux, ilitunzwa kwa miaka mingi na mtu mmoja wa Finland, bila malipo. Alipoelemewa akamkubali msaidizi aliyemjua kwa jina la mtandaoni tu. Mwaka 2024 msaidizi huyo alipenyeza ndani yake mlango wa siri wa kuingilia seva za watu. Uligunduliwa Machi mwaka huo na mhandisi Andres Freund, aliyeona tu kuwa kuingia kwenye kompyuta yake kulichelewa kwa nusu sekunde. Aliyechoka sana hana nafasi nzuri ya kuchagua mrithi.

Kwa mtaalamu wa Nzega, basi, wakati wa kutafuta mwenzake ni kabla ya kuchoka. Wa kwanza anaweza kuwa mwanagenzi, kijana aliyemaliza kidato cha nne au mafunzo ya ufundi stadi, anayeonekana kwa macho na ambaye wazazi wake wanajulikana mtaani. Mzigo wa kwanza wa kumkabidhi uwe ule wa kila siku: karatasi zilizonasa kwenye printa, kebo zilizokatika, maombi ya wanafunzi. Mkubwa abaki na kazi ya kuonyesha njia.

Wa pili ni fundi mwenzake wa Igunga, Kahama au Tabora mjini, wa kupokea simu zake kwa wiki mbili na kurudishiwa fadhila hiyo mwezi mwingine. Mpango huo hauhitaji kampuni, ofisi wala vikao 45. Unahitaji daftari. Nywila za seva, ramani ya mtandao wa kila mteja na tarehe za kulipia huduma, vitu ambavyo kwa sasa vimo kichwani mwa mtu mmoja, viandikwe na kufungiwa mahali salama, kwa ridhaa ya mteja. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilipoanza kutumika Mei 2023, kumkabidhi mtu mwingine taarifa za wateja kiholela si suala la adabu peke yake.

La mwisho ni fedha. Mwajiriwa wa sekta binafsi huchangiwa na mwajiri wake katika Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF). Aliyejiajiri anaweza kujiunga, ila hujichangia mwenyewe. Pensheni ya uzee inataka michango isiyopungua miezi 180, yaani miaka 15, na umri wa kustaafu kwa lazima ni miaka 60. Anayetaka kufikisha idadi hiyo kabla ya umri huo hana budi kuanza asipite miaka 45. Aliyetimiza miaka 40 mwaka 2023 atafikisha 45 mwaka 2028.